Fundo kwenye Pindo la Kanga

Nyota moja na nusu! Nilidhani kioo cha simu kimeingia mafuta ya nywele, nikakipangusa kwa aproni, nikatazama tena. Moja na nusu kati ya tano. Nikapiga ukelele, mteja wangu Mwantumu akaruka kitini na nusu ya kichwa bado haijasukwa.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Bora angekufa mtu," nikasema, na Mungu anisamehe kwa mdomo huu. "Mhakiki Leokadia Haule kaipa Jalada Namba Tisa nyota moja na nusu!"

"Weee!" Mwantumu akashika mdomo. "Hana macho huyo?"

Saluni yangu ipo Mji Mpya, Morogoro, chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Mkubwa Tausi, dada yake marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Siku ile alikuwa amekaa pale pale kwenye kona yake akimenya njegere. Miaka sabini na mbili anayo, lakini kwa Jalada Namba Tisa alikuwa shabiki kuliko wasichana wote wa mtaa. Inspekta Mbaruku akiumia mguu kwenye tamthilia, yeye ndiye anachechemea wiki nzima.

"Anasemaje huyo mwanamke?" akauliza.

Nikamsomea kwa sauti. Leokadia aliandika juu ya sehemu ya Alhamisi iliyopita, ile ambayo mke wa mfanyabiashara wa mbao anamwacha mumewe afe mbele ya wageni na hakuna anayegundua. "Haiwezekani," aliandika. "Nyumba ya Waswahili yenye wageni thelathini haina siri. Mtu akikohoa jikoni, barazani wanajua kakohoa nani. Mtunzi hawajui watu wetu."

Mama Mkubwa aliacha kumenya. Nilimwona ameduwaa na ganda mkononi, nikadhani ni hasira kama yangu.

"Mjibu," akasema mwishowe. "Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Hayo ni maneno yake mwenyewe. Nimeyarudia kichwani mara mia tangu siku ile.

Sasa, kama hujawahi kuwa shabiki utaniona mwendawazimu, kwa hiyo nikueleze. Jalada Namba Tisa halikuandikwa na mtu. Liliandikwa na mtambo wa Studio Kipepeo, ambao sisi sote tuliuita Mtunzi na kumsema kama binadamu. Mtunzi anatunga, anachora sura, anazipa sauti, na anabadilisha hadithi mpaka dakika ya mwisho kwa kutusikiliza. Kila shabiki ana kibandiko kidogo nyuma ya sikio, sisi tunakiita kipele. Kipele kinasoma mapigo na jasho lako. Mtunzi anajua wapi ulishtuka, wapi ulilia, na wapi ulikwenda kuangalia maharage jikoni.

Wahakiki nao wanasikilizwa. Neno la mhakiki mmoja kwa Mtunzi lina uzito wa mashabiki elfu arobaini. Wanaandika Jumanne juu ya sehemu iliyopita, kisha Alhamisi asubuhi wanaandika juu ya rasimu ya sehemu ijayo. Mhakiki akisema kitu hakifai nasi tukanyamaza, kinafyekwa. Ndiyo maana hatunyamazi. Tunafanya kile tunachokiita mafuriko: elfu kwa maelfu tunamjibu mhakiki kwenye ukumbi wa mtandaoni wa tamthilia hadi Mtunzi apime upya. Na mimi, Semeni Mkude, msusi wa Mji Mpya, ndiye kiongozi wa mafuriko tawi la Morogoro. Watu elfu tisa wananisubiri niseme.

Lakini matusi hayana uzito. Mtunzi anataka ushahidi. Mhakiki akisema jambo haliwezekani, unaandika kisa cha kweli kuonyesha kwamba linawezekana, na kipele kinakupima wakati unaandika. Ukiwa mkweli, kisa chako kinapata alama ya kijani. Ukidanganya, nyekundu, na watu wanakucheka mwaka mzima. Kisa cha kijani kina uzito wa wahakiki wawili. Katika maisha yangu yote nilikuwa na kijani tatu tu, zote za vijimambo: mwizi wa kuku, fumanizi, na cheti cha kughushi.

Nilimaliza kichwa cha Mwantumu huku nachemka. Kisha nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikaandika:

"Bi Leokadia, inawezekana. Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa hitima, wageni thelathini na zaidi, pilau iko jikoni. Mwenye nyumba alikuwa na pumu, moshi ukamshika. Mkewe alikuwa na mkono mmoja kwenye plasta, kwa sababu wiki mbili nyuma mume alimvunja. Nilikuwa namenya vitunguu saumu karibu yake. Nilimwona anaichukua pampu ya mumewe dirishani, anaifunga kwenye pindo la kanga yake, na kwa vile alikuwa na mkono mmoja, alikaza fundo kwa meno. Kisha akaingia kutafuta pamoja na wenzake, jamani iko wapi, jamani tafuteni. Mdogo wa mume alikimbia kuangalia kwenye mkoba wa pikipiki, akarudi akasema hamna. Walitafuta mpaka mtu akakata roho. Wageni thelathini, Bi Leokadia. Mpaka leo hakuna anayejua."

Sikuandika jina. Sikuandika mji. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

Nikabonyeza. Nyuma ya sikio nikasikia joto dogo, na kwenye kioo alama ikawaka, kijani iliyokolea ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Baada ya robo saa watu laki moja walikuwa wamesoma. "Admin umeua!" "Leokadia afunge virago!" Mmoja akaandika kwamba anamfahamu mhakiki huyo, kumbe anaishi hapa hapa Morogoro, Bigwa, geti la bluu. Nikacheka. Sikumkemea.

Nilikwenda kulala na furaha ya kijinga.

*

Kionjo cha sehemu mpya kilitoka Jumatano saa sita mchana. Saluni ilikuwa imejaa, watu wamesimama hadi mlangoni. Nilikuwa nimeshika chanuo.

Skrini ilianza na giza, ikafuata sauti ya watu wengi wakizungumza na masufuria yakigongana. Ukaonekana moshi wa jikoni. Kisha mkono mmoja wa mwanamke, wa pili ukiwa kwenye plasta nyeupe, unachukua kitu dirishani na kukiviringisha kwenye pindo la kanga. Halafu uso unainama, na meno yanakaza fundo.

Saluni nzima ikapiga kelele ya raha. Mwantumu alinikumbatia. "Ni kisa chako, Semeni! Mtunzi kachukua kisa chako!"

Chanuo lilianguka na sikuliokota. Ile kanga! Sikuandika rangi, lakini Mtunzi kwa kubahatisha kwake alichora kanga ya zambarau yenye mji mweupe katikati, na ya Mama Mkubwa siku ile ilikuwa ya zambarau yenye mji mweupe. Nikageuka kumtazama kwenye kona yake. Kiti kilikuwa kitupu, bakuli la njegere liko sakafuni.

Alikuwa amekwenda kuswali, nilimsikia ndani akitia udhu. Nikajiambia hajaona. Nilimwomba Mungu awe hajaona.

Ndipo akili ikanirudia, na ilirudi na mambo mabaya. Msimu uliopita, kwenye tamthilia nyingine, kisa cha kijani kilimfikisha mzee mmoja mahakamani. Hakuna aliyemtaja. Jirani alitazama, akakumbuka, akaenda kituoni. Polisi hawakuhitaji mtambo wala alama, jirani alitosha. Na kwenye ile hitima walikuwepo watu thelathini, wengi bado wazima, wengi bado wanatazama Jalada. Wa kwanza wao ni Baba Mdogo Kibwana, mdogo wa marehemu mume wa Mama Mkubwa, aliyekimbilia kwenye pikipiki. Anaishi nyumba ya nne kutoka kwetu. Kila Alhamisi anakuja kutazama kwenye sebule yetu, anakaa kwenye kochi lile lile, anapewa chai na kitumbua.

Nikajaribu kukifuta kisa. Kioo kikaniandikia kwa adabu kwamba ushahidi wenye kijani haufutwi na aliyeutoa. Anayeweza kuuondoa ni mwenye kisa peke yake, kwa jina lake, kwa uso wake na kwa kipele chake, kabla ya saa nane mchana wa Alhamisi.

Yaani Mama Mkubwa akitaka kujificha, inabidi kwanza ajitangaze kwa studio. Nilikaa sakafuni kwenye nywele za watu nikalia.

*

Nilibakiwa na njia moja. Kama mhakiki angesema onyesho lile halifai, Mtunzi angelipunguza au angelifyeka. Nikachukua bajaji hadi Bigwa.

Geti la bluu nililiona kutoka mbali kwa sababu halikuwa tena la bluu. Lilikuwa limepakwa matope na kinyesi cha ng'ombe, na juu yake mtu ameandika kwa mkaa "HAJUI KITU". Mwanamke mfupi mwenye miwani, amejifunga kitenge, alikuwa anasugua kwa brashi ya sakafu. Nilijua ni yeye. Miaka yote nilimfikiria yuko Dar ghorofani na viyoyozi.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, sijui kwa nini nikamwita mwalimu.

"Marahaba. Umekuja kuongeza au kusafisha?"

Nikachukua brashi ya pili kwenye ndoo nikaanza kusugua. Baada ya muda nikamwambia jina langu. Akasimama.

"Semeni Mkude. Wewe ndiye wa kijani."

"Ndiye mimi, mwalimu. Na hili geti ni langu pia. Waliandika unakoishi, nikacheka."

Hakunifukuza. Alinipeleka barazani, akanipa maji, nami nikamweleza yote: Mama Mkubwa, plasta, kanga ya zambarau, Baba Mdogo Kibwana na kitumbua chake. Nilipomaliza nilipiga magoti, mimi niliyemwita majina yasiyoandikika. "Sema halifai. Andika tu kesho asubuhi kwamba ni baya. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Bi Leokadia alivua miwani. "Rasimu wameniletea saa nane," akasema. "Nimeitazama mara mbili. Nimekuwa mhakiki miaka kumi na tisa, na ni mara ya kwanza mtambo ule umeniliza. Unaniomba niseme uongo."

"Ni uongo mdogo wa kuokoa mtu!"

"Hata nikikubali, Semeni." Akageuza kichwa, akanionyesha nyuma ya sikio. Kumbe na wao wanavaa. "Nikiandika nisichokiamini kinawaka chekundu, na neno langu halihesabiwi. Mimi na wewe tumefungwa kamba moja."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama yako mkubwa amesemaje?" akauliza.

"Hajui."

"Hajui nini? Kwamba uliona, au kwamba umesema?"

"Vyote viwili."

Aliniangalia kwa mshtuko kabisa, kana kwamba geti halikuwa kitu. "Umewaambia watu laki moja kabla hujamwambia yeye? Miaka yote hiyo unakula naye sahani moja?" Akatikisa kichwa. "Mimi nitaandika ninachokiona. Wewe nenda nyumbani. Mwenye kisa yupo na ana mdomo wake."

Aliponisindikiza getini aliongeza jambo moja, kwa sauti ya chini, kama anajisemea. "Kuna kitu kinanikera kwenye ile rasimu. Wageni thelathini, na mwanamke ana plasta. Mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza imetokana na nini?"

*

Usiku ule ulinipitia macho makavu. Alhamisi asubuhi nilimkuta Mama Mkubwa uani anasuuza vikombe. Nikasema, "Mama Mkubwa, kile kisa kwenye kionjo nimekitoa mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi si nina simu? Nilikisoma juzi kabla hujatoka chumbani." Hakugeuka. Aliendelea kusuuza kikombe kilichokwisha takata. "Nilijua pia kwamba uliona. Siku ile ile nilijua. Ulikuwa na vitunguu saumu mkononi, umetoa macho."

Mimi mwenye mdomo nikachukua kikombe kilichooshwa, nikakipangusa.

"Miaka ishirini na sita nasubiri uniulize, Semeni. Kila ukikua nasema, mwaka huu ataniuliza. Umeolewa, umeachika, umerudi, hujaniuliza. Halafu unakwenda kumwambia nani? Mtambo! Kwa sababu ya nyota! Umeniuza kwa taa ya kijani." Hapo sauti ikamkatika, akaweka kikombe chini kwa nguvu kikavunjika mkono. "Ulitaka kumshinda mhakiki wa watu."

"Nisamehe, Mama Mkubwa. Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nina hasira."

Tuliokota vipande pamoja. Nikamweleza juu ya saa nane, jinsi anavyoweza kukiondoa kisa, na bei yake. Nikamweleza habari za yule mzee aliyefikishwa mahakamani, ingawa alikuwa anazijua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nikiondoa, nimewaandikia kwamba ni mimi," akasema. "Nisipoondoa, shemeji Kibwana ataona. Sivyo?"

"Ndivyo. Naweza kumwambia asije leo. Nimwambie skrini imeharibika."

"Miaka yote anakuja, leo akatazwe? Ndipo atajua vizuri." Akajifuta mikono. "Unajua kilichonichosha? Si kuogopa polisi. Ni kwamba yule mtu alizikwa kama mtu mwema. Walimsomea, walimlilia, na mimi nikasifiwa kwa kutafuta. Hakuna aliyetaja mkono wangu. Mpaka plasta inatolewa, hakuna." Akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuandika kwamba alinivunja. Kwa hilo peke yake nilikisoma mara tatu."

Saa tano asubuhi uhakiki wa Bi Leokadia ulitoka. Nyota tano! Ukumbi mzima ulichanganyikiwa: waliojiandaa kumtukana hawakujua waweke wapi mikono. Chini ya nyota aliandika maneno machache, na alama yake ilikuwa ya kijani: "Nilikosea. Siri inakaa kwenye nyumba yenye wageni thelathini, na sasa najua inakaaje. Namuuliza Mtunzi swali moja tu. Mkono ule ulivunjwaje, na wageni walikuwa wanatazama wapi?"

Saa nane ilifika tukiwa sebuleni. Kwenye kioo cha simu saa ilihesabu kurudi nyuma, na mimi nilikuwa naitazama huku nimeng'ata kidole. Mama Mkubwa alikuwa anakanda unga wa vitumbua. Hakuinua uso. Saa nane na dakika moja akasema, "Haya, imepita. Niletee iliki."

*

Baba Mdogo Kibwana alikuja saa kumi kasorobo, na kanzu yake safi na bakora. Ana miaka sitini na tisa na hajawahi kuvaa kipele, anasema hataki kitu kinachomsikiliza. Hana hata simu ya maana. Vionjo haoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo Mbaruku atamkamata nani?"

Akakaa kwenye kochi lake. Mama Mkubwa akamwekea chai na vitumbua, akaketi kwenye kiti cha pembeni, mahali anapoweza kumwona vizuri. Mimi nilisimama karibu na swichi. Nilikuwa nimeshajiapia kwamba akinyanyuka kwenda polisi nitamlalia miguuni.

Jalada likaanza. Nyumba, moshi, watu wakisalimiana. Mtunzi alikuwa ameshabadilisha, nililiona hilo mara moja. Kwenye kionjo kamera ilikuwa imemng'ang'ania mwanamke. Sasa ilianza na wageni. Kila mgeni aliyeingia alitazama plasta, kisha akatazama pembeni. Mmoja akasifia pilau. Mwingine akauliza bei ya mchele. Kamera ilimfuata kila mmoja taratibu mno mpaka ikawa aibu kutazama.

Kisha mume akashikwa na pumu. Pindo la kanga. Meno.

Nikamtazama Baba Mdogo Kibwana. Kitumbua kilikuwa kimefika mdomoni na hakikuingia. Akakirudisha kwenye sahani. Kwenye skrini watu walikuwa wanapekua mito, makabati, mitungi, na kijana mmoja akakimbia nje kwenye pikipiki. Akarudi. "Hamna."

"Zima," akasema Baba Mdogo.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Nikazima, tukasikia nyumba ya jirani ikipiga kelele na mtaa mzima ukipiga kelele kwa tamthilia yetu.

"Shemeji," akasema Mama Mkubwa. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Ni mimi. Ilikuwa kwenye kanga yangu. Kama unakwenda, nenda mchana huu huu, usinikawize."

Baba Mdogo hakumtazama. Alikuwa anaitazama skrini nyeusi.

"Kaka Mwinjuma alikuwa na pampu mbili," akasema.

Sikuelewa. Nilimwona Mama Mkubwa naye hajaelewa.

"Moja ya nyumbani, moja ya safari. Ya safari ilikaa kwenye mkoba wa pikipiki. Niliikuta." Akameza mate. "Niliikuta, shemeji. Nikaitia mfukoni mwa kanzu. Nikarudi nikasema hamna."

"Kwa nini?" Mama Mkubwa akauliza, na ilikuwa sauti ya msichana, si ya mwanamke wa miaka sabini na mbili.

"Siku anakuvunja mkono nilikuwa barazani. Nilisikia ulivyolia. Nikaongeza sauti ya redio." Sasa alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Kwa hiyo siku ya hitima, nilipoishika ile pampu... Nilidhani ni mimi peke yangu. Miaka yote nakula vitumbua vyako nikijiambia, huyu mwanamke nilimfanya mjane, na hajui."

Mama Mkubwa alifunika uso kwa kiganja. Mabega yakatikisika, na kwa muda mrefu sikujua kama analia au anacheka. Alipoondoa mkono, nilikuta ni vyote viwili.

"Ishirini na sita," akasema. "Idi zote hizo. Ungefungua mdomo tu, shemeji."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mfukoni mwangu simu ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Nikaitoa. Watu elfu tisa walikuwa wananiita. Sehemu ilikuwa imekwisha, na hata Bi Leokadia alikuwa ameniandikia kando: "Mama yuko salama?" Lakini chini yake, kwenye ukumbi, kulikuwa na mhakiki mwingine wa Arusha aliyekwisha andika: "Nzuri, ila haiaminiki kwamba kati ya wote waliotafuta, hakuna mwingine aliyejua." Na mashabiki wote wa Morogoro walikuwa wanaandika neno moja, mstari baada ya mstari. Ushahidi, admin. Ushahidi. Ushahidi.

Nilikuwa nao. Ungewaka kijani ambayo haijawahi kuonekana nchi hii. Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye herufi, vyenyewe, kwa mazoea.

Mama Mkubwa alikuwa ananitazama. Baba Mdogo naye akainua macho, akaiona simu, na nikaona hofu yake yote.

Nikakibandua kipele nyuma ya sikio, kikatoka na nywele mbili tatu. Nikaenda jikoni nikakitupa kwenye moto wa vitumbua, pamoja na jibu la mhakiki wa Arusha nisiloliandika. Kisha nikarudi, na kwa mara ya kwanza tangu niwe na miaka tisa, nikakaa chini karibu na Mama Mkubwa na kumuuliza.

"Mkono ulikuuma sana?"

"Sana, mwanangu," akasema. "Na mpaka leo mvua ikinyesha."